Ukinasa Samaki Usiyemjua, Tuambie

Maneno haya yalitolewa na afisa wa mawasiliano ya umma wa kaunti katika kikao cha wavuvi, mama karanga, walimu na wanafunzi kwenye banda la samaki. Tunayachapisha kwa faida ya wakazi ambao hawakuweza kufika.

 

Nianze kwa kukiri kwamba mimi si mvuvi, na wala si mtaalamu wa samaki. Nilisomea uandishi wa habari. Kazi yangu katika kaunti ni kupeleka taarifa kutoka ofisini hadi kwenu, na kutoka kwenu hadi ofisini. Mwenyekiti aliponialika nizungumze juu ya samaki adimu, nilimwambia amwite afisa wa uvuvi. Akanijibu, "Afisa wa uvuvi atatueleza juu ya samaki. Wewe tueleze juu ya habari zao." Nilikwenda nyumbani nikalifikiria jibu hilo, nikaona mzee amesema kweli. Karibu kila tunachokijua kuhusu mahali samaki adimu wanapoishi, tumekijua kwa sababu mvuvi fulani, siku fulani, alinasa kitu asichokijua na hakukitupa. Leo nitaeleza mambo haya kwa kumtumia samaki mmoja aliyewahi kupatikana hapa kwetu.

Mwaka wa 2001, meli ya trola iliyokuwa ikivua karibu na Malindi ilipandisha wavu, na ndani yake mkawa na samaki mkubwa, mzito, mwenye magamba magumu na mapezi yaliyokaa kama miguu minene. Mabaharia hawakuwa wamewahi kumwona wa namna hiyo. Samaki huyo alifikishwa kwa wataalamu wa Makumbusho ya Taifa, nao wakamtambua. Alikuwa silikanti, na ndiye wa kwanza kuandikwa katika bahari ya Kenya.

Silikanti ni samaki wa aina gani? Mabaki ya jamaa zake yameonekana ndani ya mawe yenye umri wa takriban miaka milioni 400. Katika mawe ya chini ya miaka milioni 66 hivi, mabaki hayo hayaonekani tena. Kwa hiyo wataalamu wote duniani walikuwa wameshakubaliana kwamba ukoo huo ulikwisha zamani, wakati mmoja na wale mijusi wakubwa wanafunzi wanaowasoma vitabuni. Walikuwa wamemwandikia tanzia kabla hajafa.

Tarehe 22 Desemba 1938, nahodha Hendrik Goosen alirudi bandari ya East London, Afrika Kusini, akitoka kuvua karibu na mdomo wa mto Chalumna. Alikuwa na desturi nzuri: akipata samaki wa ajabu, humpigia simu msichana aliyesimamia makumbusho ya mji ule, Marjorie Courtenay-Latimer. Siku hiyo alipiga simu. Marjorie akaenda, akaona ndani ya lundo pezi la buluu, akachimbua, akamtoa samaki mwenye urefu wa kama mita moja na nusu. Dereva wa teksi alilalamika harufu, lakini wakambeba.

Sasa sikilizeni sehemu hii, maana itatuhusu baadaye. Ilikuwa Desemba, na joto la kusini kule ni kali. Marjorie alitafuta mahali pa kumhifadhi kwenye baridi, hakupata. Ikabidi samaki akaushwe na kujazwa, na matumbo yakatupwa. Profesa J.L.B. Smith alipofika kumwona, alikuta ngozi na mifupa. Alimtambua, akampa jina la kitaalamu la Latimeria chalumnae kwa heshima ya Marjorie na ya mto ule, lakini vya ndani vyote vilikuwa vimekwenda na taka.

Smith alihitaji samaki wa pili. Alifanya nini? Alifanya kazi ninayoifanya mimi: alitoa tangazo kwa umma. Alichapisha karatasi yenye picha ya samaki, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, akaahidi pauni 100 kwa atakayempata, akaisambaza katika pwani ya mashariki ya Afrika. Ilichukua miaka 14. Desemba 1952, katika kisiwa cha Nzwani huko Komoro, mvuvi Ahamadi Abdallah alimvua mmoja kwa mshipi. Alimpeleka sokoni kama samaki mwingine yeyote, na angekatwa vipande kama mwalimu mmoja, Affane Mohamed, asingekuwa ameliona tangazo lile. Habari zikamfikia nahodha Eric Hunt, aliyekuwa akifanya biashara ya majahazi katika visiwa hivyo. Hunt akampiga samaki chumvi asioze, akapeleka simu ya maandishi Afrika Kusini. Smith alifuata kwa ndege ya jeshi.

Na hapo ndipo ikajulikana jambo ambalo wavuvi wa Komoro walikuwa wakilijua siku zote. Kwao samaki yule hakuwa mgeni. Walimwita gombesa. Walimvua mara mojamoja usiku walipokuwa wakitafuta samaki wengine, na hawakumthamini, kwa kuwa nyama yake ina mafuta mengi na humwendesha mtu tumbo. Wataalamu walikuwa wamemtafuta kwa miaka 14 samaki ambaye wazee wa Nzwani walikuwa na jina lake.

Tangu hapo ramani imeendelea kuchorwa kwa namna hiyo hiyo. Mwaka wa 1991 meli ya trola ilimnasa jike mjamzito huko Pebane, Msumbiji. Mwaka wa 1995, Madagaska. Mwaka wa 1997 aina ya pili ya silikanti ilionekana katika soko la samaki la Manado, Indonesia, na wavuvi wa huko nao walikuwa na jina lao, raja laut, yaani mfalme wa bahari. Mwaka wa 2000 wapiga mbizi waliwaona wakiwa hai Sodwana Bay, Afrika Kusini, kwenye kina cha zaidi ya mita 100. Mwaka wa 2001, Malindi kwetu. Mwaka wa 2003, kusini mwa Tanzania. Ukiwaondoa wale wapiga mbizi, kila nukta niliyoitaja imewekwa na wavu, ndoana au meza ya muuza samaki.

Wengine mtaniuliza, kama ameishi miaka milioni 400, mbona tunamwonea huruma leo? Swali hilo lina haki, na jibu lake liko kwenye maisha yake.

Kwanza, silikanti anaishi mahali pembamba. Mwaka wa 1987 Hans Fricke na wenzake walishuka kwa chombo cha chini ya maji huko Ngazija, Komoro, wakawakuta hai kwa mara ya kwanza. Mchana hujikusanya ndani ya mapango kwenye miteremko ya mawe, mara nyingi kati ya mita 100 na 250 kwenda chini, kwenye maji ya baridi. Usiku hutoka na kuelea polepole wakitafuta chakula. Kila mmoja ana madoa meupe yake mwenyewe, kama alama za vidole, na kwa madoa hayo watafiti waliweza kuwahesabu. Idadi waliyoikadiria kuzunguka Ngazija ni mia chache tu.

Pili, hazai kama changu au tafi. Hatagi mayai maelfu kwa maelfu. Yai lake ni kubwa kama chungwa, na hukaa tumboni mpaka mtoto akamilike. Yule jike wa Msumbiji alikuwa na watoto 26 tumboni. Tatu, na hili limejulikana juzi tu: mwaka wa 2021 watafiti wa Ufaransa walichunguza pete ndogo ndogo kwenye magamba, kama mtu anavyohesabu pete za mti uliokatwa. Wakakadiria kwamba silikanti anaweza kuishi karibu miaka 100, kwamba jike huchelewa kuzaa mpaka afike miaka 50 na zaidi, na kwamba mimba yake huchukua kama miaka mitano.

Hebu tulipige hesabu sote. Jike anayenaswa leo huenda alizaliwa kabla ya Kenya kupata uhuru, na huenda hajazaa hata mara moja. Bahari haiwezi kutulipa samaki kama huyo kwa msimu mmoja, wala kwa kizazi kimoja cha wavuvi. Ndiyo sababu shirika la IUCN limemweka katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, na mkataba wa CITES unakataza biashara yake ya kimataifa.

Sasa tuangalie jirani zetu. Kuanzia mwaka wa 2004, wavuvi wa Kigombe na vijiji vya jirani katika mkoa wa Tanga, Tanzania, walianza kuwanasa silikanti. Hakuwa mmoja au wawili. Baada ya miaka michache walikuwa makumi. Samaki walikuwa wakinaswa katika jarife, wavu wa macho makubwa unaotegewa papa. Papa walikuwa wamepungua kwenye maji ya karibu, na jarife zikasogezwa kwenye maji ya kina zaidi, kandokando ya miteremko ambako silikanti hutoka usiku. Mvuvi alikuwa akifuata papa aliyekwenda mbali, akamkuta mkazi wa huko ambaye hakumtafuta na ambaye hana bei sokoni.

Mwaka wa 2009 serikali ya Tanzania ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, katika pwani ya kutoka Pangani hadi upande wa Tanga mjini. Angalieni mpangilio wa mambo: wavuvi walileta samaki, samaki waliandikwa, mahali pakajulikana, ndipo pakaweza kulindwa. Hakuna anayeweza kulinda mahali asipopajua.

Kwetu tuna Hifadhi za Bahari za Malindi na Watamu tangu 1968, miongoni mwa za kwanza Afrika. Zimetusaidia sana kwenye matumbawe na kwa wageni wanaokuja kuyaona. Lakini hifadhi hizo zilichorwa kwa ajili ya maji ya karibu. Miteremko ya kina, ambako samaki kama silikanti anaweza kuishi, iko nje zaidi. Huko walinzi hawaendi kila siku. Mnakwenda ninyi.

Nataka sasa niwape mfano wa upande wa pili, wa samaki ambaye habari zake hazikuandikwa.

Mzee mmoja wa hapa aliniambia kwamba ujanani aliwahi kumwona papa upanga, yule mwenye pua ndefu yenye meno pande zote mbili kama msumeno. Anakumbuka pia pua moja iliyotundikwa ukutani kwa jirani yao. Nilimwuliza, mwaka gani? Hakumbuki. Mahali gani? "Huku huku kwetu." Alikuwa wa ukubwa gani? Akafungua mikono, akacheka. Kisha nikawauliza vijana waliokuwa wakishona nyavu pembeni kama kuna yeyote kati yao aliyewahi kumwona. Hakuna hata mmoja. Mmoja alidhani mzee anasimulia hadithi.

Papa upanga walikuwa wa kawaida katika pwani hii ya mashariki ya Afrika. Pua yake hiyo ndiyo adui yake: hunasa kwenye wavu wowote, na ikishanasa haichomoki. Leo rekodi za uhakika ni chache mno, na wataalamu wanaotaka kujua alikuwepo wapi na aliondoka lini hawana cha kushika ila kumbukumbu za wazee na pua kavu ukutani. Wazee wakienda, hata hizo zitakwenda. Silikanti mmoja wa Malindi tunaye kwenye kumbukumbu za nchi kwa sababu mtu alisema. Papa upanga wetu, ambao huenda walikuwa wengi kuliko silikanti, hatuna hata orodha yao.

Kwa nini watu hawasemi? Nimeuliza, na nimejibiwa bila kufichwa. Nahodha mmoja alinieleza kwamba mwaka mmoja alipata kasa kwenye wavu, akamtoa, akaenda kutoa taarifa katika ofisi fulani kama alivyofundishwa. Akakalishwa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka alasiri akihojiwa kana kwamba ameiba. Samaki wake wakaharibika. Mama karanga aliyekuwa akimngoja akanunua kwingine. Aliniambia, "Tangu siku ile, cha ajabu nikikiona nakirudisha majini nanyamaza."

Ndugu zangu, siwezi kusimama hapa kama afisa wa serikali nikamlaumu mzee huyo. Kosa ni la aliyemkalisha kwenye benchi. Na hasara yake haikuwa ya samaki wa siku moja tu. Kwa kumkalisha mtu mmoja, ofisi ile ilifunga midomo ya banda zima, na hatujui ni mangapi yamepita tangu hapo bila kuandikwa.

Wengine wana hofu kubwa zaidi. Kijana mmoja aliniuliza waziwazi, "Nikisema nimempata samaki wa hifadhi mahali fulani, si kesho mtafunga pale, watoto wangu wale nini?" Sitamjibu kwa maneno matamu. Sina mamlaka ya kuahidi kwamba hakuna eneo litakalowekewa masharti, na sitaahidi fidia ambayo haimo katika bajeti ya kaunti. Ninachoweza kusema ni hiki: Katiba yetu inataka wananchi washirikishwe, na uvuvi ni jambo la kaunti kama ilivyoandikwa katika Jedwali la Nne. Siku masharti yatakapozungumzwa, atakayekuwa na sauti yenye uzito ni yule mwenye daftari. Mvuvi anayeweza kusema, "Tumewapata watatu, wote kwenye kina hiki, wote kwa jarife, wote usiku, wenye mishipi hawajawahi kumgusa hata mmoja," huyo anaweza kutetea mshipi wake na malema yake. Asiye na kumbukumbu ataletewa ramani iliyochorwa na wengine.

Kwa hiyo naomba tukubaliane juu ya mambo machache, ambayo nimeyapitia pamoja na afisa wa uvuvi na mwenyekiti.

La kwanza, jarife zisitegwe kwenye miteremko ya maji ya kina. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Silikanti anayepandishwa kutoka kwenye baridi hadi kwenye maji ya juu yenye joto huwa ameshachoka na hukosa pumzi. Hata ukimwachilia, huenda asiishi. Msaada wa kweli kwake ni kutonaswa.

La pili, ukimpata akiwa bado hai, usimpandishe chomboni. Mpige picha ya haraka ubavuni akiwa majini, maana madoa yake ndiyo jina lake, kisha kata wavu umwache ashuke. Ndiyo, najua jicho la wavu lina bei. Lakini ukimvuta kwa nguvu utapoteza wavu na samaki pia.

La tatu, akiwa amekufa, usimpasue, usitupe matumbo, usimuuze. Mkumbuke Marjorie na joto la Desemba. Mfunike kwa barafu au gunia lililoloweshwa, umpigie mwenyekiti wa BMU, naye atampigia afisa wa uvuvi na watafiti wa KMFRI, Mombasa. Nyama yenyewe haina faida: haifai kukaangwa, na mama karanga atakayeiuza atapoteza wateja.

La nne, andika mambo matano: tarehe na saa, mahali, kina, aina ya wavu au mshipi, na ukubwa wa samaki. Mwenye GPS aandike namba. Asiye nayo aandike alama za nchi kavu kama mlivyofundishwa na wazee: mnara huu ukipita nyuma ya mnazi ule. Hizo nazo ni ramani. Na mambo haya si ya silikanti peke yake. Ni ya papa upanga, papa shilingi, na samaki yeyote ambaye hapa bandani hakuna mwenye jina lake.

La tano linatuhusu sisi wa ofisini. Taarifa ichukuliwe hapa hapa bandani, na mwenyekiti, katika daftari la BMU. Mvuvi aliyesema auze samaki wake aende nyumbani. Atakayekalishwa kwenye benchi kwa sababu ya kutoa taarifa, aje kwangu, au amtume mtu, nami nitalifuatilia na nitaliandika katika jarida hili, bila kuficha.

Kwa walimu na wanafunzi, nina ombi moja. Waulizeni babu na bibi zenu majina ya samaki ambao hamjawahi kuwaona. Andikeni jina, umbo, mahali alikopatikana, na mwaka kwa kukisia hata kwa tukio: kabla ya mafuriko, baada ya harusi ya fulani. Leteni kwa mwenyekiti. Komoro walikuwa na jina la gombesa miaka yote, lakini halikufika popote kwa sababu hakuna aliyewauliza. Sisi tuulizane wenyewe.

Karatasi ya Profesa Smith ilizunguka mpaka ikamfikia mwalimu mmoja. Siku hizi kila mtu hapa ana simu yenye kamera mfukoni. Karatasi yetu yenye picha ya silikanti na ya papa upanga itabandikwa kwenye ukuta wa banda hili kabla sijaondoka leo. Haina ahadi ya pauni 100, na nawaomba radhi kwa hilo. Ina namba ya mwenyekiti na nafasi tupu chini yake. Nafasi hiyo tumeiacha ili mtuandikie majina ambayo sisi hatuyajui.

 Mzee wa papa upanga namwona ameinua mkono. Tuanze na yeye.